Sumu katika Ripoti ya Mpishi

Tumshukuru Mola, aliyewagawia waja wake ndimi mbalimbali.

Ndani ya basi walikaa wawili wasiojuana: mpishi wa bweni la wanafunzi, aliyeitwa na wakubwa wake ajieleze, na muuguzi mstaafu ambaye mpishi alimwomba aisome ripoti aliyowaandikia.

"Friji ilizimika, wali ukachacha, wanafunzi tisa wakatapika," alisema mpishi. "Nikaandika hayo kwa Kiingereza. Sasa naulizwa sumu niliitoa wapi."

Muuguzi alisoma, akavua miwani. "Mwanangu, hapa umeandika kwamba uliwalisha sumu."

"Mwalimu wa darasa la jioni alitufundisha kwamba, mtu akidhuriwa na chakula, Kiingereza husema sumu."

"Naam, lakini husema sumu ya chakula. Wewe umejitaja wewe kuwa ndiye uliyewatilia."

Damu ilimpanda mpishi. Miaka kumi na minne jikoni, na leo amejichongea kwa mkono wake. "Lugha gani hii, mama, kiporo na muuaji wagawane neno moja?"

"Kawaeleze kwa Kiswahili."

"Ndicho walichokikataza. Ripoti hupokewa kwa Kiingereza tu."

Basi likasimama langoni mwa bweni. Mpishi akashuka na karatasi yake. Mola amfungue ulimi, nao waliobaki safarini awakinge na maneno wasiyoyakusudia.