Redio Kwake, Masikio Kwetu

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu? Paza sauti, nipo jikoni.

HUSNA: Mama, ni mimi, Husna. Shikamoo.

MAMA: Marahaba mwanangu. Na hii namba ngeni ya nani?

HUSNA: Ya mwenye cherehani hapa Korogwe. Yangu imekwisha chaji. Sikiliza mama, nina dakika chache—

MAMA: Baba yako hajambo. Ng'ombe hajambo. Ukungu tangu asubuhi, hata banda la kuku silioni—

HUSNA: Mama. Baba ameshamwambia baba mkubwa habari ya Jumamosi?

MAMA: Maharage yametoka vizuri mwaka huu.

HUSNA: Mama.

MAMA: Hajamwambia.

HUSNA: Leo ni Alhamisi. Keshokutwa watu wa Mgwashi wanapanda huko Mtae kuchukua jibu la posa yangu. Jibu linatoka kwa kaka wa baba, halitoki kwa baba. Wakikuta kiti cha baba mkubwa kitupu watasemaje?

MAMA: Watasema ukoo huu hauelewani, na kwenye ukoo usioelewana watu hawaoi. Yule mama wa kijana mwenyewe anatafuta sababu tangu mwaka jana. Watauliza kaka mtu kasafiri? Tuwajibu hapana, yupo pale ng'ambo ya miti ya masale, anakamua.

HUSNA: Basi nenda wewe ukamwambie.

MAMA: Mimi? Nikamwalike shemeji yangu mkubwa badala ya mwanaume aliye hai, anayetembea na kula? Haiwi. Aende baba yako Hamza mwenyewe. Na akienda lazima aanze na shikamoo, maana Jafari ni kaka yake, na hiyo shikamoo ndiyo iliyomkwama kooni mwaka wa tatu huu. Anasema hamwamkii mtu aliyesogeza masale ya mpaka.

HUSNA: Hatua moja tu, mama.

MAMA: Nusu hatua. Nilipima mwenyewe kwa kanga, hata nusu ya kanga haikufika.

HUSNA: (mtandao unakwaruza) ...ile redio niliyomtumia baba? Angalau imemtuliza?

MAMA: Kumbe hujasikia habari ya redio yako.

HUSNA: Imeharibika?

MAMA: Ingeharibika ningeshukuru. Ilifika na basi la Ijumaa, baba yako akaivua nailoni kwa bismillahi. Ile ya zamani akawapa watoto wa jirani, eti imechosha, inaleta stesheni tatu kwa mpigo, Mkenya juu ya kaswida, kaswida juu ya mvua. Akawasha hii yako. Kimya. Akageuza, akainua, kimya. Ile kuukuu hata ikikosa stesheni ilikuwa inakoroma, ukajua ipo hai. Hii imelala kama maiti.

HUSNA: Ndiyo dijitali hiyo. Ikishika inashika yote, isiposhika haitoi hata mlio. Aliyeniuzia alisema mtambo wenyewe wa kurushia ni wa majaribio, upo huko chini tambarare. Sasa mlima ukikaa katikati—

MAMA: Mlima umekaa katikati. Si unajua nyumba yetu ipo nyuma ya jabali. Baba yako akazunguka nayo chumba kwa chumba, akapanda nayo juu ya banda la kuku, mbao mbili zikavunjika. Akashuka, akaenda nayo mpaka kwenye masale, akanyoosha mkono ng'ambo. Ikasema.

HUSNA: Ng'ambo kwa baba mkubwa?

MAMA: Hatua tatu ndani ya uwanja wa Jafari, pale wanapoanika mahindi, ukingoni panapotazama tambarare. Na ilivyosema, Husna. Mimi nafagia kichwa wazi, nikasikia mwanaume ananisalimu, nikasikia hadi anavyovuta pumzi. Nikajitanda kanga mbiombio, nikamwambia karibu.

HUSNA: (anacheka) Ulimkaribisha mtangazaji?

MAMA: Ningejuaje? Tangu nizaliwe redio inakwaruza. Kisichokwaruza ni mtu.

HUSNA: Haya, baba akafanyaje? Kule si aliapa hakanyagi?

MAMA: Hakukanyaga. Alikata mwanzi mrefu, akaifunga redio kwenye ncha, akausimika kwetu ukainamia kwa Jafari. Halafu akaweka kigoda upande wetu akakaa. Redio kwake, masikio kwetu.

HUSNA: Mungu wangu. Na baba mkubwa akanyamaza?

MAMA: Alitoka, akaitazama, akaizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Nikasema leo panga linafanya kazi. Akaingia ndani, akatoka na kigoda chake, akakaa chini ya redio. Siku tatu wakawa hivyo, masale katikati, kila mmoja macho juu kwenye redio. Siku ya nne Jafari akafungua kinywa. Lakini hakusema na baba yako, alisema na redio. "Mtangazaji, mwambie mwenye redio aongeze sauti, wengine masikio yamezeeka."

HUSNA: Baba?

MAMA: "Mtangazaji, mwambie anayesikiliza bure kitufe kipo upande wake." Jafari akainuka akaongeza. Basi tangu siku hiyo wanaongea kutwa nzima. Mtangazaji, mwambie ng'ombe wake anakohoa. Mtangazaji, mwambie sikuita mganga. Mtangazaji, mwambie kabichi zake zinaliwa na wadudu na yeye amekaa. Na yule mtangazaji maskini anasoma zake salamu, hana habari kwamba amebebeshwa ugomvi wa watu wa Mtae.

HUSNA: (anacheka, anakohoa) Mama, usinichekeshe, watu wananitazama.

MAMA: Juzi mvua ikaja ghafla, baba yako yupo msikitini. Jafari akavua koti akaifunika redio, mwenyewe akalowa chapachapa. Hamza kurudi akaona. Akasema, "Mtangazaji, mwambie ahsante." Jafari akasema, "Mtangazaji, mwambie sikufunika redio yake. Nilikufunika wewe."

HUSNA: Sasa si amwambie mtangazaji habari ya Jumamosi?

MAMA: Alimwambia. Jana. Alijikohoza weee, kisha akasema, "Mtangazaji, tangaza kuna wageni wa Husna Jumamosi, na wakubwa wote wanatakiwa." Jafari akaitazama redio. Akasema, "Mtangazaji, mwambie mwenye kualika hualika kwa mdomo wake, na mdomo huanza na salamu." Baba yako akabeba redio na kigoda, akaingia ndani. Makande yangu hakuyagusa.

HUSNA: (cherehani inasikika)

MAMA: Husna? Upo?

HUSNA: Nipo. Mama, mimi nampenda yule kijana. Sitaki kumkosa kwa nusu hatua ya shamba. Nimechoka.

MAMA: Najua mwanangu. Hata mimi roho inaniuma, usidhani nacheka tu.

HUSNA: Sasa hivi wapo wapi?

MAMA: Pale pale. Leo kaitundika tena, dijitali imemshinda kuiacha. Husikii? Ngoja nitoke na simu. (milio ya kuku, hatua) Unasikia?

HUSNA: Wewe unakatikakatika, lakini yule namsikia kila neno. Anasoma salamu za watu wa Muheza.

MAMA: Si nakwambia. Ee. Imezima.

HUSNA: Simu?

MAMA: Redio. Imelia tii, ikanyamaza. Betri. Jana aliingia nayo ndani na hasira zake, hakukumbuka kuichaji.

HUSNA: Basi waambie—

MAMA: Nyamaza kwanza. Wamebaki wawili. Mtangazaji hayupo.

HUSNA: (kwa sauti ya chini) Wanafanya nini?

MAMA: Baba yako anatazama mwanzi. Jafari anatazama mwanzi.

HUSNA: Na sasa?

MAMA: Bado mwanzi. (mtandao unakwaruza) Jafari amekohoa. Baba yako ameinuka.

HUSNA: Anaingia ndani? Mama, usiniambie anaingia ndani.

MAMA: Anasogea kwenye masale. Anayatenga kwa mkono. Amevuka.

HUSNA: Amevuka?

MAMA: Mguu mmoja. Mwingine umebaki kwetu.

HUSNA: Huo mwingine vipi?

MAMA: Subiri bwana, magoti yake unayajua. Haya. Umevuka.

HUSNA: Anasema nini? Mama, dakika zinakwisha, anasema nini?

MAMA: Ametoa shikamoo.

HUSNA: Umeisikia wewe mwenyewe?

MAMA: Kwa masikio yangu. Ndogo, imetokea puani, lakini ni shikamoo.

HUSNA: Na baba mkubwa? Mama? Ameitikia?

MAMA: Anajipangusa mikono kwenye suruali. Ameinuka na yeye. Marahaba. Ameitikia marahaba, Husna. Ndefu, mpaka mke wake amechungulia mlangoni.

HUSNA: (analia)

MAMA: Usililie simu ya watu ikaingia maji.

HUSNA: Silii. Mama, kelele gani hizo? Mbona wanapiga kelele?

MAMA: Wanagombana.

HUSNA: Ya Rabi. Masale tena?

MAMA: Mbuzi. Jafari anasema wa Jumamosi atatoka kwenye banda lake, yeye ndiye mkubwa. Baba yako anasema binti ni wake na mbuzi ni wake. Wanafokeana uso kwa uso, hakuna wa kuwapelekea maneno.

HUSNA: Alhamdulillahi.

MAMA: Ngoja nikawape chai kabla hawajafika kwenye mbuzi wa marehemu babu yao. Haya mwanangu, salimia huko, na huyo mwenye simu mwambie Mungu ambariki—

HUSNA: Mama, usikate. Hiyo redio, tafadhali, ifiche. Mtu asiichaji mpaka Juma—

(dakika zimekwisha)