Msumari na Chumba cha Nyuma

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, dada yetu mkubwa hakupenda kusumbua watu. Leo angeona haya kuwaona mmesimama juani kwa ajili yake, na angekuwa ameshaanza kutafuta viti. Tunamshukuru Mungu kwa maisha yake, na tunawaomba mtusikilize tunapoyasimulia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya karakana ya mabehewa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba yetu aliongoza ishara za treni, mama alishona sare za shule. Watu saba tuliishi katika chumba na sebule, na cherehani ilikuwa na sehemu yake ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Mama alisimulia kwamba mtoto wake wa kwanza alijifunza kulala amekunja miguu, na hata alipokuja kupata kitanda kizima alilala ukingoni kabisa, kama mtu anayemwekea mwingine nafasi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza 1974. Huko ndiko alikopata jina ambalo wengi wenu mnamjua nalo. Siku za michezo wenzake walimpa masweta yao awashikie, kwa kuwa hakuwahi kupoteza hata kifungo. Alisimama pembeni ya uwanja, masweta yakimning'inia mabegani na mikononi hadi yakabaki macho tu. Mwalimu wa michezo akapita akasema, "Nyie, huyu ni mwanafunzi au msumari wa ukutani?" Watoto wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Jina likashika hapohapo. Jioni alipomsimulia mama, mama peke yake hakucheka. Aliuliza tu, "Na wewe ulicheza saa ngapi?"

Aliendelea na sekondari mwaka 1975 hadi kidato cha nne, 1978. Katikati ya masomo hayo, mwaka 1976, Bwana alimchukua baba yetu. Baada ya mazishi mama alimshika mkono akamwambia, "Wewe ndiye mkubwa. Nishikie hawa." Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alitushika, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sasa anaweza kuachia.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika stesheni kuu ya reli, kwenye chumba cha kutunzia mizigo ya abiria, na alifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2021. Wengi mmewahi kusimama mbele ya kaunta yake. Kila mzigo ulifungwa kadi, nusu ikabaki kwenye mzigo na nusu akapewa mwenyewe. Mzigo usio na mwenyewe haukupokelewa. Uliokaa sana uliitwa kwenye kipaza sauti hadi mtu ajitokeze. Abiria walimbembeleza, "Mama, nachelewa, shika tu hivi hivi, nitarudi," naye akawajibu kwa upole, "Hivi hivi haina rafu, baba. Niambie unarudi lini."

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi rangi, mtu wa utani mwingi. Walijaliwa watoto wawili, binti na kijana wa kiume. Mwaka 1993 walihamia nyumba yao yenye vyumba vitatu, na dada yetu akaomba jambo moja. Chumba kile kidogo cha nyuma, chenye dirisha moja, kisiwekwe kitu. Alitaka kiti tu, akae, asali, asiwaze chochote. Shemeji alikipaka rangi ya samawati aliyoichagua mwenyewe dukani. "Mke wangu amejenga kanisa la mtu mmoja," aliwaambia watu.

Rangi haikumaliza hata mwaka. Mapema 1994 mama alihamia chumba kidogo cha kupanga, na kabati la baba likakosa pa kukaa. Hakuna kati yetu aliyekubali liuzwe, na hakuna aliyekubali likae kwake. Kaka yetu anayemfuata marehemu, ambaye ndiye aliyerithi kabati hilo, alilileta kwa mkokoteni. "Dada, wiki moja tu, nipange nyumba." Likasimamishwa mbele ya dirisha kwa sababu ukuta mwingine haukutosha. Baada ya hapo njia ilikuwa imefunguka. Yalikuja magodoro, masanduku, viti vya kwaya, vyombo vya ndugu aliyeachana na mumewe na cherehani ya mama alipofariki mwaka 1999. Katika familia yetu mtu akikosa pa kuweka kitu alisema, "Peleka kwa Msumari," na mazungumzo yakaisha.

Pamoja na vitu tulimpelekea maneno. Dada zetu wawili wa katikati walipoacha kusemezana, kila mmoja alimpigia yeye, naye akabeba ya huku na ya kule bila kuyaangusha. Shida za ndoa, watoto waliokataa shule, hofu za majibu ya hospitali, vyote vilifika kwake na vikabaki kwake. Alikuwa mcheshi, akicheka kwenye simu, basi tukajua yuko salama. Ndani ya nyumba alianza kupita kwa ubavu.

Kwa miaka mingi alikuwa akijifungia bafuni kila Jumapili mchana na kuacha bomba likitiririka. Tulidhani anapenda sana usafi. Basi kila siku yake ya kuzaliwa ilipofika, ndugu wote, bila kupanga, tulimnunulia sabuni. Alishukuru, akaziweka chumba cha nyuma. Baadaye binti yake ndiye aliyetuambia kwamba mama yake haogi. Hukaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akitazama vigae, kwa kuwa hapo ndipo mahali pekee ndani ya nyumba ambapo hapakuwa na kitu cha mtu.

Mwaka 2015, akiwa kazini, pumzi ilimkatika. Abiria alitoa kadi yake, dada yetu akalishika begi na hakuweza kuliachia. Akasimama amelikumbatia, machozi yakimtoka, akisema, "Sipati hewa. Fungueni dirisha." Dirisha lilikuwa wazi. Hospitali walipima moyo wakakuta mzima, wakampeleka kwa mshauri wa afya ya akili, mlango wa mwisho kwenye korido. Familia ilisema anatibiwa meno, hadi jirani mmoja akamtazama kinywani akauliza, "Meno gani haya yasiyoisha miezi yote hii?"

Yeye hakuona aibu. Alisali, na alikwenda kwa mshauri, na hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Alimweleza mumewe kwamba siku ya kwanza mshauri alimwomba ataje yaliyomo kichwani mwake. Akayataja, ya huyu na ya yule, kwa muda mrefu. Mshauri akauliza, "Na lako ni lipi?" Akaanza tena kutaja ya wengine mpaka muda wao ukaisha. Siku nyingine mshauri alimuuliza kazini hufanyaje na mizigo. Akaeleza habari ya kadi. "Na nyumbani?" Hapo, alisema, alicheka kwa mara ya kwanza bila kujilazimisha.

Basi alifunga kadi kwenye kila kitu cha chumba cha nyuma, akaandika jina la mwenyewe na mwaka kilipoingia, kisha akaanza kutupigia simu. Wengine tulichukua vitu vyetu tukinuna. Na maneno pia aliacha kuyapokea hivi hivi. Mmoja wa dada wa katikati alipompigia kumsema mwenzake, alisikia, "Mdogo wangu, hilo umelileta tulimalize sasa, au niliweke? Kama ni kuweka, huku kumejaa." Ilisemwa kwamba Msumari amebadilika, na kwamba mshauri ametuharibia dada. Lakini usingizi ulimrudia. Shemeji anasema alianza kunyoosha miguu kitandani, na kwamba alipigwa teke kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka thelathini ya ndoa, akamshukuru Mungu.

Kabati la baba ndilo halikutoka. Kila alipoitwa, kaka alikuwa na sababu. "Dada, kwani kabati linakula?"

"Halili. Linavuta hewa yangu."

"Ni la baba hilo."

"Najua ni la baba. Ndiyo maana nimelitunza. Sasa njoo ulichukue, mwanaye."

Hakuja. Chumba kilibaki na kabati na kiti, na giza mchana kutwa. Alikaa humo akisali, milango ya kabati mbele yake, na dirisha lisilofunguka nyuma ya kabati.

Mwezi Agosti 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua kwa utulivu. Machi iliyofuata aliomba kitanda chake kihamishiwe chumba cha nyuma. Binti yake alikataa, akisema humo hamna hewa. Akamjibu, "Ndicho changu, mwanangu. Hata kikiwa hivyo." Wiki zote hizo alilala akitazama mbao.

Mwezi Mei kaka alikuja kumwona. Aliketi kwenye kile kiti, na kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, alikaa gizani pamoja naye. Kesho yake alirudi na seremala. Wakalifungua kabati mlango kwa mlango, ubao kwa ubao, marehemu akiwaelekeza kutoka kitandani wasivunje bawaba. Ubao wa mwisho ulipotoka, ukuta nyuma yake ulikuwa wa samawati mbichi, kama uliopakwa asubuhi ile. Dirisha likafunguliwa. Ng'ambo yake, umbali wa mkono, ulikuwepo ukuta wa jirani.

Kaka aliona haya. "Dada, kumbe linatazama ukuta tu."

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Sogea pembeni, unaniziba."

Marehemu aliaga dunia Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, asubuhi, katika chumba hicho, dirisha likiwa wazi, amenyoosha miguu.

Ameacha mume, binti na kijana wake, wajukuu watatu, kaka yetu, ambaye sebule yake sasa ina kabati la baba na haina pa kuweka televisheni, dada wawili wa katikati, ambao tangu juzi inawabidi wapigiane simu wenyewe, na mdogo wao wa mwisho, anayesoma maneno haya kwa niaba ya familia.

Tuna ombi moja kutoka kwake, alilolirudia hadi mwisho. Baada ya mazishi, viti, turubai na sufuria virudi kwa wenyewe leo hii. Chumba cha nyuma kisiwekwe kitu. Na anayesikia kifua kinambana, akajificha bafuni na kufungulia bomba, aseme, na sisi tulio nje ya mlango tuulize.

Bwana ampokee dada yetu Msumari, amwondolee yote tuliyomtundikia, na mikono yake ikiwa mitupu, apumzike kwa amani.