Karangwa na Kisu cha Ghalani

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Mzee Wenceslas Karangwa anastaafu tarehe 31 Machi 2003. Ndiye mtunza ghala la mbolea ya ruzuku katika ushirika wetu wa mpunga hapa Bugarama, karibu na mpaka wa Kongo. Mimi, Ndagijimana, ni mkuu wa duka la ushirika, mlango wa pili kutoka kwake. Walioniomba nimwandikie maneno haya ya kumuaga hawakujua jinsi ninavyomwonea wivu.

Alianza mwaka 1976 akiwa mpakiaji. Mwaka 1995, ghala likiwa limebaki kuta tupu baada ya mauaji na uporaji wa mwaka uliotangulia, alirudi akalifagia kabla mtu hajamwita kazini. Ni baba wa ubatizo wa watoto tisa. Wakulima wa Gashonga humletea ndizi. Mimi huniletea malalamiko. Na nani asingependwa akiuza mbolea kwa nusu bei, nusu nyingine ikilipwa na serikali? Mimi niliuza mbolea hiyo hiyo kwa bei ya soko, nikachukiwa kwa bei ya soko.

Vita ya Kongo ilipopandisha bei Bukavu, mifuko ya ruzuku ilianza kuvuka mpaka. Mingine walanguzi waliizungusha hapa hapa bondeni, wakaiuza chini ya bei yangu. Kufikia 1999 sikuwa na mteja, na kamati ikaitisha mkutano wa kulifunga duka. Niliandika ripoti ya kurasa kumi na nne kuthibitisha kwamba ruzuku na soko huria haviwezi kukaa nyumba moja.

Karangwa aliomba kusema kabla yangu. Alipendekeza kila mfuko ukatwe uzi pale mlangoni pa ghala, mkulima aondoke na mbolea kwenye beseni lake. Wachuuzi wa Bukavu, hata wateja wa walanguzi wa hapa bondeni, alieleza, hawanunui mfuko uliofunguliwa, wakiogopa umechanganywa chumvi. Alitumia dakika mbili, akakaa.

Msimu uliofuata magendo yalikwisha. Waliokosa nafasi kwenye orodha ya ruzuku, na waliotaka zaidi ya mgao wao, wakaja kwangu. Duka likapona, na kazi yangu pia. Ripoti yangu haijasomwa na mtu mpaka leo.

Wiki iliyopita kamati ilinikabidhi ghala lake, naye akanipa kisu. Mfuko wa kwanza niliukata vibaya, mbolea ikamwagika miguuni pa Mukandori, mkulima aliyekuwa mbele kwenye foleni. Aliizoa yote kwa mikono, kisha akasema:

"Papa, kata polepole. Mzee alikuwaka anakata huku anatuuliza habari ya batoto betu."

Kumbe haikuwa nusu bei waliyompendea.

Asante, Mzee Karangwa, kwa ghala, kwa duka na kwa kisu. Ustaafu wako uwe mwema, na ndizi za Gashonga zisikatike mlangoni kwako. Nakutakia haya kwa moyo wote, isipokuwa kipande kidogo ambacho bado kina wivu, na ambacho tangu wiki iliyopita kimeanza kuuliza majina ya watoto.