Kitabu cha Zamani Kimerudi

Foleni ya maji pale Silanga ilikuwa haisongi, kwa hivyo niliwasikia vizuri. Mbele yangu walisimama washirika wawili wa kanisa moja la Anglikana: Mzee Kilonzo, Mkamba, na Mama Brandon, Mjaluo. Tangu ghasia za kura za Desemba, kabila ndilo tunalotajiana kwanza.

"Si ulishinda, Mzee?" mama akamchokoza. "Mwaka mzima ulipigana na ibada mpya. Ukasema tukianza kupeana amani kwa mikono, kesho tutafungisha ndoa za wanaume kama Wamarekani. Sasa kitabu cha zamani cha ibada kimerudi. Furahi basi!"

Sikuiona njia ya kutoka salamu hadi harusi, lakini mimi si mzee wa kanisa.

"Sikutaka kirudi hivi," akasema mzee. "Kasisi amekirudisha kwa sababu Jumapili ile baada ya ghasia aliposema tupeane amani, kanisa zima liliangalia sakafu."

"Hata wewe. Nilikunyooshea mkono ukaniacha nao."

"Duka la ndugu yangu lilikuwa limechomwa, Mama Brandon."

"Na ni mimi niliyechoma?"

"Najua si wewe." Sauti ilimshuka. "Ningerudishiwa ile Jumapili..."

"Urudishiwe ya nini? Si niko hapa?" Akamnyooshea mkono tena.

Hapo mwenye bomba akatangaza maji yameisha. Foleni ikavunjika kwa matusi. Mama Brandon alibaki amenyoosha mkono. Mzee Kilonzo alikuwa na mtungi mtupu kila mkono, na hakuuweka chini hata mmoja.