Karatasi ya Salamu ya Maman Pétronille

Baada ya miaka kumi na saba katika ofisi yetu ya Auderghem, Maman Pétronille Kabamba anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 2018. Katibu wetu huyu wa Orodha ya Majirani, chama chetu kidogo cha siasa za komini, yaani manispaa yetu, anatuachia meza, ua la chungu lisilokufa hata likinyimwa maji, na kiti kilichogeukia dirisha la upande wa msituni.

Kiti hicho kina habari zake. Asubuhi ukungu unapotoka msituni na kutambaa mpaka kwenye reli za tramu, Maman huacha kazi na kuutazama. Kahawa inapoa, simu inalia. Wageni hudhani amesinzia, lakini sisi tuliomzoea hupita kwa kunyata, maana mawazo yake mazuri yote yametoka huko. Jumapili moja aliota hivyohivyo ndani ya metro, akapitiliza kituo cha kanisa lake, akashukia Gare du Midi, kituo chenye soko kubwa, na kurudi na zeituni za sokoni badala ya mahubiri.

Mwaka 2012 tulifanya mchujo wa kumpata mgombea wetu wa baraza la komini, na kwa mara ya kwanza tukaruhusu kura kwa posta. Wanachama wetu wengi ni wazee, wengine wanafanya kazi za zamu. Kuwaita wote ukumbini ni kuwafungia nje. Utaratibu ulionekana rahisi: kura inaingia kwenye bahasha ndogo isiyo na jina, na hiyo inaingia kwenye bahasha kubwa yenye saini.

Tulijidanganya. Bahasha ndogo zilipofunguliwa, karibu kila kura ilikuwa na salamu. Hamjambo huko ofisini, sisi huku wazima. Mmoja alisimulia upasuaji wa goti lake. Mwingine alimwombea mgombea mke mwema. Na wote, kwa adabu zao, waliandika majina chini. Siri ikaishia hapo, kura zikaharibika.

Iliyotuuma zaidi ni ya Bibi Rukiya, mama wa Bujumbura aliyeishi katika nyumba ya wazee kando ya msitu. Kila uchaguzi ulipokaribia huko alikotoka, vita vilimkuta njiani na mizigo kichwani. Hakuwa amepiga kura maishani mwake, na hii ndiyo ilikuwa ya kwanza. Aliimalizia hivi: wenu awapendaye, Rukiya.

Kamati ilitaka kuifuta posta kabisa. Maman alikataa katakata. Bon, alisema, kwetu muntu hatumi karatasi bila kusalimia, ni matusi hiyo. Akaomba kura ya posta irudiwe, kisha akageukia dirisha. Sisi tulishakata tamaa. Ukungu ulipoondoka alikuwa na jibu: karatasi ya pili, ya salamu tupu, iwekwe kwenye bahasha kubwa. Humo watu waandike yote, majina na magoti. Kura yenyewe ikae kimya.

Akazunguka nyumba kwa nyumba kwenye mvua, akieleza. Bahasha ya Bibi Rukiya ilifika siku ya mwisho. Salamu zilijaa pande zote mbili, na Maman alizisoma huku akilia bila kuficha. Kisha akaitumbukiza ile bahasha ndogo sandukuni na kuichanganya na nyingine kwa mikono yake. Ilihesabiwa. Bibi alifariki mwaka uliofuata, na mpaka leo hakuna ajuaye alimchagua nani.

Ndani ya programu hii ya sherehe ya kumuaga mtakuta karatasi ya salamu. Ijazeni, mumwekee Maman mezani kabla keki haijakatwa. Asante, Maman, kwa kutusikiliza hata tulipodhani umelala. Tunakuombea asubuhi ndefu zenye ukungu, na kahawa ipoe bila mtu kukugutusha. Na ninyi wengine, safari hii majina yanaruhusiwa.

Ilyas Iddi, kwa niaba ya wenzake wa ofisini