Wa Mbele Mshipi wa Kuelea

Benchi lile liko nje ya duka la Marit la vifaa vya kuvulia, pale mjini Telkwa, hatua chache kutoka darajani, na kila asubuhi ya Oktoba linakaliwa na wazee watatu na chupa moja ya kahawa. Harlan wanamwita Chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, kwa kuwa kwake kila tatizo duniani dawa yake ni kuongeza uzito. Leith ni Profesa. Alifundisha jiografia miaka minne tu, lakini cheo hakijamtoka. Wa tatu ni Wiebe, asiye na jina la utani. Aliyekuwa akiwabandika watu majina ni Gordie, naye Gordie walimzika Aprili. Tangu samaki aina ya stilihedi waanze kupanda mto kutoka baharini, Wiebe huja amevaa suruali yake ya mpira inayofika kifuani, akanywa kahawa, akarudi nyumbani mkavu. Leo alikuwa ameapa kuingia majini. Wiki ijayo barafu itaanza kushika kingo.

— Mto umeshuka, Wiebe alisema. Maji yameanza kuwa ya kijani. Nifunge mshipi gani, wa kuelea au wa kuzama?

— Wa kuzama! Chubwi hakungoja hata ameze kahawa. Tope siku tatu, samaki kalala chini kichwa kinamuuma. Mfuate kitandani kwake.

— Acha ushamba, Profesa akadakia. Ingia mpaka magotini. Ukiona vidole vya buti lako, mshipi uelee. Usipoviona, uzame.

— Na nikiona buti moja tu?

— Basi umelewa, toka majini.

Wiebe alicheka, kicheko cha kwanza wiki ile.

— Na nzi je? Nifunge manyoya ya rangi gani kwenye ndoana?

— Mekundu, alisema Chubwi. Damu nzito kuliko maji. Yatazama yenyewe.

— Methali hiyo ni ya ndugu, bwana, si ya nzi!

— Kwani samaki hana ndugu?

— Maji ya tope, nzi mweusi, mkubwa. Yakitakata, mdogo kama ukucha. Na urushe upande wa kushoto tu, Profesa akaongeza, maana kulia malori ya magogo yanapita, na samaki wa siku hizi wana presha.

— Presha!

— Daktari wa mifugo kaniambia.

— Mimi nzi wangu namchovya kwenye kahawa, alisema Chubwi. Samaki katoka baharini, mwezi mzima anapanda mto hajatia kitu mdomoni. Wewe usingetaka kahawa? Wale wanafika mpaka Japani.

— Basi huyo anataka chai!

— Samaki mkunje angali mbichi, Profesa. Wewe umeshakauka.

— Gordie angesema wa kuelea, na wewe ungenyamaza.

— Gordie hayupo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Chubwi alitaka kushinda ubishi tu, hakuwa na nia mbaya. Lakini Wiebe aliinamia kikombe chake ili wasimwone macho.

Pembeni alisimama mwanamke mmoja mgeni mjini, anangoja gereji ya jirani immalizie kumfungia matairi ya theluji. Alikuwa amewasikiliza kwa adabu tangu mwanzo.

— Samahani, wazee wangu. Huyu mzee aliyevaa suruali ya mpira, siku zote alikuwa akivua na mshipi gani?

— Wa kuzama, Wiebe alimjibu. Miaka thelathini na mmoja. Gordie anatangulia na wa kuelea. Anarusha, anashuka hatua mbili, anarusha, anashuka. Mimi nafuata nyuma na wa kuzama. Samaki wa juu wake, wa chini wangu. Sijawahi kuchagua.

— Kumbe. Na leo nani anatangulia?

Chubwi alilitazama goti lake la chuma. Profesa aliitikisa chupa, akaigeuza juu ya kikombe, likatoka tone moja.

— Kahawa imekwisha, alisema, kana kwamba ndilo aliloulizwa.

Mwanamke aliitwa gereji, akaaga. Wiebe naye akachukua fimbo yake ya kuvulia, akateremka mtoni peke yake.

Aliingia pale pale anapoingia siku zote, nyuma ya jiwe kubwa, maji yakamfika magotini. Vidole vya buti aliviona vizuri, vyote. Mkono ulikuwa umeshafunga mshipi wa kuzama, kwa mazoea. Hakurusha. Alisimama muda mrefu miguu ikifa ganzi, ndipo akagundua kwamba anamngoja mtu ashuke hatua mbili.

— Shuka basi, Gordie, alisema. Samaki wanapita.