Daraja la Kiamaiko na Dada Yetu Nthoki

Mchungaji, shemeji yangu Wathome, wazazi na majirani wa Mathare North, mimi ni Munyoki, kitinda mimba wa nyumba yetu, na nimepewa kazi ngumu ya kuwasomea maisha ya dada yetu mpendwa, Hellen Nthoki.

Marehemu alizaliwa Wamunyu tarehe 14 Aprili 1957, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974, akasomea ufundi wa ujenzi hapa Nairobi, na mwaka 1978 akaajiriwa kupima madaraja, yaani kutafuta mapango yaliyojificha ndani ya zege bila kulibomoa, kwanza kwa nyundo ndogo na masikio yake, baadaye kwa mashine ya kupitisha sauti kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwani sauti ikichelewa kufika, ndani mna uwazi.

Wathome, ambaye ni mchonga vinyago, alikuwa akigonga gogo la mpingo sokoni dada alipopita, naye dada akaligonga, akamshauri aliache, shemeji kwa ukaidi akalinunua, akalipasua na kukuta kiini kimeoza, na tarehe 20 Desemba 1980 wakafunga ndoa. Mnaweza kucheka, hata yeye alikuwa akicheka. Mungu aliwajalia Koki mwaka 1982 na Musau mwaka 1985, nao waligongwagongwa migongo tangu uchanga kama matikiti.

Juni 1994 alipima daraja letu la kwendea Kiamaiko, akaomba lifungwe, na wengi wenu mlikasirika kuzunguka njia ndefu mkiswaga mbuzi wenu kwenda sokoni, hasa zege lilipotobolewa likakutwa zima, akachekwa hadi kanisani, na Mama Beldina, jirani wa mlango kwa mlango, akaacha kumsalimu. Nilimwona akilia jikoni, lakini hakulegea, aliomba litobolewe tena hatua moja kando, akisema amekosea mahali tu, hakukosea daraja, na hapo mkono wa fundi ukaingia hadi kwenye kiwiko. Pango likajazwa, daraja likafunguliwa Oktoba, na jioni hiyo Mama Beldina akabisha hodi na sahani ya chapati.

Novemba 1998 alianza kukohoa, daktari akamgonga mgongoni kwa vidole, wakatazamana, kwa sababu wote wawili walikuwa wamesikia maji mapafuni. Alituaga tarehe 11 Machi 1999, akiwa ameshikwa mkono na mumewe, na nyumba yetu imepwaya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, nyinyi majirani, na Mama Beldina aliyemwogesha hadi siku ya mwisho.

Jeneza hili amelitengeneza Wathome, na mbao zake amezigonga moja moja. Sasa tutalibeba kwa miguu hadi kwenye gari linalotungoja Kiamaiko, na mkifika katikati ya daraja msiharakishe wala msiogope, mwenyewe alishatupimia.

Pumzika kwa amani, dada, sisi tutavuka salama.